Nakiru Alipochuchumaa

Harufu ya dawa ya kuchua kifua ndiyo iliyojaa nyumbani kwetu mtaani Chechelesi msimu ule wa vumbi. Kila jioni mama alimpaka mdogo wangu Nakiru kifuani na mgongoni, kwa kuwa sote tuliamini ana kifua. Alikuwa na miaka mitatu, lakini nguo za mtoto wa mwaka mmoja bado zilimtosha. Tangu uchanga alikuwa akinyonya kidogo tu, kisha anaachia titi ili aheme, jasho likimtiririka usoni hata asubuhi za baridi. Majirani walisema sisi Waturkana ndivyo tulivyo, wembamba, na mama, aliyeshinda sokoni akiuza makaa, alijifariji kwa maneno hayo.

Mimi, dada yake, ndiye niliyebaki naye nikitoka shule. Tulipocheza uani alikimbia kidogo, halafu akachuchumaa, magoti yamebana kifua, kimya, akitazama chini. Baadaye aliinuka tukaendelea. Wenzangu walidhani ni mchezo wake, wakawa wanamngoja.

Jumamosi moja asubuhi mbuzi alimwaga uji wa Nakiru, naye mtoto akalia sana. Ghafla kilio kikakatika. Midomo na ulimi vikageuka rangi ya zambarau, macho yakalegea. Mama akapiga mayowe. Mimi nilijua jambo moja tu, lile nililoliona kwa Nakiru mwenyewe: nikamkunja magoti hadi kifuani, nikamshikilia hivyo mpaka pumzi ikamrudia. Tukapanda pikipiki kwenda hospitali ya wilaya, ambayo watu walikuwa wameanza kuiita ya kaunti.

Daktari, mwanamke mwenye sauti ya upole, alimtazama ulimi, akazishika ncha za vidole vyake zilizokuwa nene na za mviringo, akausikiliza moyo kwa muda mrefu.

"Akichoka kucheza hufanya nini?" akauliza.

Mama akanigeukia. "Anachuchumaa," nikajibu.

Daktari akaitikia kwa kichwa. "Mama, hiki si kifua. Amezaliwa na tundu kwenye moyo, na njia ya damu kwenda mapafuni ni nyembamba. Atahitaji upasuaji Nairobi."

"Ni ile mizigo ya makaa nilibeba nikiwa na mimba yake?"

"Hapana, mama. Hukumfanyia mtoto wako kitu kibaya."

Hapo ndipo mama alipolia.

Miezi ya kungoja zamu ilikuwa ya hofu. Tulimpa Nakiru kila alichotaka, mradi asilie. Alirudi kutoka Nairobi na kovu refu kifuani, na kucha za rangi ya waridi ambazo mama alizibusu moja moja.

Leo Nakiru yuko sekondari, amenipita urefu, na bado huenda kliniki ya moyo kukaguliwa. Wakati ule, mtaani kwetu, hatukujua kwamba mtoto anaweza kuzaliwa na moyo mgonjwa. Sasa mama anajua, na hanyamazi. Juzi mama kijana kutoka mtaa wa Bulla Pesa alisimama mbele ya meza ya mama sokoni, mtoto mgongoni akihema kwa kasi.

"Wananiambia ni meno yanaota," alisema.

Mama akafunika makaa kwa gunia, akajifunga leso.

"Twende hospitali, binti yangu. Nitakaa na wewe."