Udongo Katika Kipande cha Kanga

Kaka yangu alikuwa mpishi wa meli. Meli hiyo ilitoka Houston na shehena ya mabomba ya chuma, ikazama kwenye bahari baridi ya kaskazini, upande wa Kanada. Mwili haukupatikana. Miaka saba mama alirudia neno moja kwenye simu: “Sijamtupia mwanangu udongo.” Kwetu, usipotupa udongo, hujazika.

Basi mimi, mpakia maboksi wa ghalani Plano, niliyehitimu shule ya jioni kwa kusinzia kuliko mwanafunzi yeyote Texas nzima, nikawa nashuka Houston kila Jumamosi kujifunza kupiga mbizi, ili nimfikie kaka huko chini. Siku ya kwanza nilikunywa nusu ya bwawa. Mwalimu, mzee mnene mwenye sauti ya trekta, akasema, “Kijana, tuachie maji kidogo na sisi.”

Mama alituma udongo wa kaburi la baba, kaufunga kwenye kipande cha kanga kwa fundo lilelile alilotufungia karanga za shule. Kaka alilifungua akitembea. Mimi nililia mpaka anifungulie.

Siku ya safari, botini juu ya pale meli ilipozama, mwalimu akalibonyeza fundo. “Lilegeze sasa. Chini utakuwa na glavu.”

“Hili? Kidole kimoja tu!” Ukweli, nilitaka lifunguliwe mbele ya kaka.

Tukashuka mita arobaini na tano. Baridi ya huko inaingia mpaka kwenye meno. Meli ikatokea, kubwa kama Plano nzima, imelala ubavu, mlango wa jiko wazi, ndani giza tupu. Tulikuwa na dakika kumi. Nikapiga magoti juu ya chuma, nikahangaika. Fundo limelowa, limekaza, vidole vimekufa. Mwalimu akaninyooshea kisu. Nikatikisa kichwa. Akanionyesha saa. Nikaliweka kizingitini vilevile lilivyofungwa, tukapanda.

Niliporudi Plano niliwasimulia watu samaki wakubwa kama mabasi. Mama, kwenye simu, hakuuliza samaki.

“Ulimtupia?”

“Hapana, mama. Fundo lilinishinda. Nimeliacha mlangoni kwake.”

“Wewe limekushinda tangu utoto,” akasema. “Atalifungua mwenyewe.”

Kesho yake akatandika mikeka, majirani wakaja kulia naye. Mimi nilikuwa ghalani, napakia maboksi, vidole bado vinauma.