Zuena na Kiwanja cha Tisa

Neno lililobaki lilikuwa sufuria.

Zuena aliamka asubuhi moja ya masika, akajifunga khanga zake, akaenda kupalilia mahindi kule Mazingara, na kabla jua halijapanda akaanguka juu ya mpini wa jembe. Walipomwinua, mkono wa kulia unaning'inia na mdomo umekwenda upande. Mungu ni mwema, mdomo ulinyooka na mkono ukarudi nusu. Maneno ndiyo hayakurudi. Akitaka chumvi, sufuria. Akitaka kuitikia shikamoo za watoto, sufuria. Na lililomuuma ni kwamba alijua. Chumvi aliiona kichwani mwake, nyeupe ndani ya kifuu, na jina lake aliliona limesimama mlangoni tayari kutoka. Akifungua mdomo litoke, linatoka lile lile.

Watoto wakamwita Bibi Sufuria. Hilo alilivumilia, watoto ni watoto. Asilolivumilia ni maneno ya wakubwa.

Maana palikuwa na jambo lililowavuruga watu. Zuena akikaa mkekani kusali, alisoma kila kitu kuanzia mwanzo hadi salamu ya mwisho, hakosei. Akiwasha moto aliimba nyimbo za kulimia, ubeti juu ya ubeti. Siku alipojikwaa kwenye kisiki, lilimtoka tusi moja lisiloandikika, la mashamba ya mkonge ya usichana wake, safi kabisa, akaziba mdomo na kuinua macho mbinguni kuomba msamaha.

"Mtu anayesoma dua nzima atashindwaje kuomba chumvi?" watu waliulizana kisimani. "Huyu anajisingizia. Anakimbia shamba la pamoja."

Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, watu wanahamia vijiji vipya, na anayekwepa jembe la wote aliitwa kupe. Wengine walisema hapana, si kupe, ila akili imeruka. Mhina, mdogo wa marehemu mumewe, alichagua hili la pili. Lilimfaa zaidi. Kamati ya kijiji kipya upande wa Kang'ata ilikuwa imeamua kwamba kila mtu mzima mwenye akili timamu ataandikiwa kiwanja kwa jina lake. Asiye timamu ataandikwa chini ya ndugu, na kiwanja chake kiungane na cha huyo ndugu. Zuena alikuwa amepangiwa namba tisa. Mhina alikuwa namba kumi.

"Shemeji, wewe utakaa kwangu," Mhina alimwambia, kwa upole kabisa. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, na upole wa kikazi aliujua. "Utapata chumba cha uani. Utaniangalizia kuku."

"Sufuria," Zuena alisema, na jicho alilomtupia lilimfanya Mhina ajikune shingo.

Miaka ishirini na sita ya ndoa na mitano ya ujane alilala nyumbani kwake, akafunga mlango wake kwa mkono wake. Leo akalinde kuku uani kwa mtu? Alichukua jembe kwa mkono wa kushoto, akatembea hadi kijiji kipya, kwenye kijiti kilichopigiliwa kuonyesha kiwanja cha tisa, akaketi juu ya kichuguu. Kesho yake akaenda tena. Mvua ikanyesha, akajifunika gunia. Walioshuka shamba la pamoja walimkuta hapo, waliopanda walimwacha hapo.

Aliyemletea chakula ni Stefania, wa kiwanja cha nane. Walijuana tangu usichana, walipokuwa wakianika mkonge kwenye mashamba ya Korogwe, Stefania na rozari yake shingoni, Zuena na ushungi wake, wakigombana kila Ijumaa na kila Jumapili kuhusu nani kasali vizuri zaidi.

"Shoga, Mungu akikurudishia maneno usiyamalize yote kwa Mhina," Stefania alisema akimpakulia ugali. "Nibakizie na mimi kidogo."

Zuena alicheka mpaka akapaliwa. Kicheko nacho hakikupotea.

Stefania ndiye aliyempeleka zahanati. Mganga msaidizi alikuwa kijana mmoja wa Bungu, jina lake Laurenti, mwenye tabia ya kuuliza na kungoja jibu. Alimuuliza Zuena ana watoto wangapi. Zuena alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akaanza taratibu, "Moja, mbili, tatu, nne," akasimama hapo, akamkazia macho.

"Wanne?" Laurenti aliuliza.

Zuena akaitikia kwa kichwa.

"Ni wanne kweli," alisema Stefania. "Lakini bwana mganga, kwa nini hakusema nne tu? Kapanda ngazi yote hiyo ya nini?"

"Kwa sababu nne ya peke yake ni ya kutafuta," Laurenti alisema. "Kichwa cha mtu si chungu kimoja, mama. Ni nyumba ya vyumba vingi. Maneno tunayoyatafuta ili kusema jambo jipya, kwa watu wengi yanakaa upande wa kushoto, na huko ndiko damu ilikoziba, ndiyo maana na mkono wa kulia umelegea. Lakini wimbo, sala, kuhesabu kwa kufuatana, hata tusi, hayo hatuyatafuti. Yalishapita njia ile mara elfu. Ukifungua mwanzo, mengine yanateremka yenyewe."

"Na akili?"

"Akili anayo. Yote mnayomsema, anayasikia na kuyaelewa."

Zuena alimgeukia Stefania taratibu. Stefania akainama akajifanya anafunga khanga, kwa sababu mwezi uliopita na yeye alikuwa amesema neno moja pale kisimani.

Siku ya kuandikisha, watu walisimama kando ya barabara mpya, kila mmoja kwenye kijiti chake. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Semndili, alikwenda kiwanja kwa kiwanja na daftari lake. Laurenti naye alikuwepo, amekuja kukagua mashimo ya vyoo. Walipofika cha tisa, Zuena aliinuka kwenye kichuguu chake.

"Mama, utaratibu ni mmoja kwa wote," Semndili alisema. "Jina lako, la baba yako, na namba ya kiwanja. Useme mwenyewe kwa mdomo wako."

Zuena alilitafuta jina lake. Jina lake mwenyewe, alilozaliwa akaitwa nalo. Alilisikia likigonga.

"Sufu..." akaling'ata katikati.

Watu walicheka. Mhina hakucheka. Alitikisa kichwa kwa huruma, ya kutosha kuonekana.

"Mzee mwenyekiti, tusimdhalilishe mama wa watu. Mwandike kwangu, tuendelee. Mtu asiyejua jina lake atajenga nyumba?"

"Bwana balozi," Laurenti alisema kutoka upande wa shimo, "wewe ahadi za mwana-TANU unazijua?"

"Zote kumi. Nimewafundisha nusu ya hawa."

"Ya saba inasemaje?"

Mhina alifungua mdomo. Midomo yake ikaanza kutembea bila sauti, kidole gumba kikikunja vidole vingine kimoja kimoja.

"Hapana, usianzie ya kwanza. Nimeuliza ya saba."

"Ngoja, unanichanganya."

"Na mama huyu mnamchanganya hivyo hivyo," Laurenti alisema. "Unaijua, ila mlango wake uko mwanzo. Tuseme na wewe akili imeruka?"

Kicheko sasa kilihamia kwa Mhina. Lakini Zuena hakukisikia vizuri. Alikuwa ameshika lile neno, mwanzo. Jina lake lina mwanzo wapi? Ni wapi aliposema jina lake mara elfu?

Akapiga jembe chini mara moja. Akapiga tena.

Huko Mazingara, watu wakialikana kulima shamba la mwenzao, aliyeshika mstari wa kwanza hujitaja kwa wimbo kabla jembe halijazama, ili wa nyuma wajue wanamfuata nani. Wa nyuma nao lazima waitikie, na asiyeitikia hupewa mstari wenye visiki. Zuena alishika mstari wa kwanza misimu thelathini. Nusu ya watu waliosimama hapo walilima nyuma ya mgongo wake.

Akaimba.

"Nani kashika mbele?"

Barabara nzima ikaitikia kabla haijafikiri. "Tujue, tujue!"

"Zuena kashika mbele."

"Wa nani, wa nani?"

"Zuena wa Kibwana."

"Wa wapi, wa wapi?"

"Wa Mazingara, jembe ninalo."

"Twende, twende!" wakamalizia, na sauti nene kuliko zote ilikuwa ya Mhina. Visiki vya Mazingara alivijua. Mdomo wake uliitikia wenyewe, na alipotambua ulikuwa umekwisha kuitikia.

Mzee Semndili alishusha daftari, akamtazama Mhina. Kisha akaandika, akisema kwa sauti, "Zuena... binti Kibwana. Na namba?"

Zuena aliwapita watu wote, akaenda hadi mwanzo wa barabara. Akagonga kijiti cha kwanza kwa mpini wa jembe.

"Moja."

"Mbili."

"Tatu," kisha mtu akamwita mbuzi wake kwa kelele, hesabu ikamkatikia. Zuena akasimama. Alirudi kijiti cha kwanza, jasho likimtiririka, akaanza upya. Hakuharakisha. Kwenye cha nane Stefania alikuwa amefumba macho, rozari imeshikwa vidoleni. Kwenye cha tisa Zuena alisema "tisa," na hakusema kumi.

"Anahesabu kama mtoto wa darasa la kwanza," Mhina alisema, lakini kwa chini.

"Kasimama panapotakiwa," mwenyekiti alisema. "Asiye na akili angeendelea mpaka kwako."

"Kwa hiyo ataimba kila akitaka chumvi?"

"Ataimba," Stefania alisema. "Na wewe utaitikia. Tumekusikia sauti."

Semndili aliandika namba, akapuliza wino ukauke. "Haya, mama Zuena. Kiwanja ni chako. Una neno?"

Zuena alikuwa nalo. Alikuwa na maneno mengi, kuhusu kuku, na kuhusu uani, na kuhusu kisima. Aliyaona yote yamejipanga mlangoni. Akamtazama Mhina kuanzia miguuni mpaka usoni.

"Sufuria," alisema, bila kulikata katikati.

Hakuna aliyecheka, na hakuna aliyeuliza maana yake. Akageuza jembe, akakipiga kijiti chake kwa mgongo wa chuma mpaka kikazama nusu, halafu akapima kwa hatua mahali pa kuweka mlango. Moja, mbili, tatu.