Mawe Nyuma ya Magurudumu

Baada ya miezi minane ya kukaa ugenini, mwanafunzi huyu alijiona ameihitimu nchi ile. Wenyeji wake walimwita Kitindamimba, kwa kuwa alifika nyumbani kwao wa mwisho na akadekezwa wa kwanza. Alijua kupanda basi bila kuuliza, alijua kumjibu mwenye duka mwenye haraka zake, na kila barua kwa mama yake ilisema watu wa huku wako hivi, watu wa huku wako vile. Watu wa huku, kumbe, walikuwa ni wa mji mmoja, tena wa mitaa yake mitatu.

Safari ilikuwa ya dada mkubwa wa nyumba ile, fundi wa meno bandia, mwanamke mwenye nta kwenye kucha na mdomo usiokaa kimya. Alikuwa na seti kumi na nne za kupeleka kwenye zahanati za milimani, kila moja ndani ya kisanduku chenye jina la mwenye meno yake. "Twende ukaone nchi, mdogo wangu," alimwambia. "Umekaa sana chumbani." Siku ya kwanza ilikuwa raha tupu. Siku ya pili kona zilianza, kichefuchefu kikampanda Kitindamimba, naye akazimaliza peremende zake zote njiani.

Peremende hizo hazikuwa za anasa. Alikuwa na kisukari tangu utotoni, na hizo ndizo za kumwokoa sukari ikishuka. Hakujali. Saa sita alijidunga sindano yake ya kushusha sukari kama kawaida, maana dada alikuwa ameapa kwamba saa saba watakuwa mezani wanakula. Saa saba kasorobo, wakipanda barabara ya mji mdogo wasioujua, gari lilikohoa mara mbili likazimika. Dada akavuta breki ya mkono.

Akafanya wanavyofanya watu wa mji wao: akapandisha vioo, akafunga milango, akapiga simu. Mtandao ulikuja, ukapotea, ukaja tena kidogo kama unaowatania. Ng'ambo ya barabara palikuwa na duka, na kwenye ngazi zake walikuja kuketi wanaume. Kwanza wawili, kisha wanne, kisha sita. Walilikodolea gari macho, na hakuna aliyetamka neno.

"Usiwaangalie," dada alisema. "Kwetu anayekuja ndiye anayesalimu. Mtu akija akanyamaza, ana lake jambo."

"Labda hawajatuona."

"Wanatuona mpaka kope."

Mmoja wao, mzee mwenye spana mkononi, aliinuka akalizunguka gari polepole, macho chini, bila kuwatupia hata jicho. Alikwenda kando ya barabara, akarudi na mawe mawili makubwa, akayaweka nyuma ya magurudumu. Kisha akarudi kuketi mahali pake.

"Wametufungia njia," dada alisema, kwa sauti ndogo ambayo Kitindamimba hakuwahi kuisikia kwake. Hapo ndipo alipoogopa kwelikweli. Kama mwenye nchi yake anaogopa hivi, mgeni ashike wapi?

Nusu saa ikapita. Ndani ya gari palikuwa na joto la kuchemsha maji. Vidole vilianza kumtetemeka, kijasho chembamba kikamtoka juu ya mdomo, moyo ukamwenda mbio. Alidhani ni hofu. Ilikuwa hofu, lakini haikuwa peke yake, na alilijua hilo alipogeuka kutazama visanduku vya meno na kuona majina yameanza kuwa mawili mawili. Meno ya watu kumi na wanne nyuma, na hakuna hata kipande cha mkate cha kutafuna.

"Dada, sukari inashuka."

Dada alimwaga pochi yote mapajani. Akapata funguo, risiti na ganda tupu la jojo la kutafuna. Akapekua chini ya viti. "Vumilia kidogo," alisema, huku machozi yakimlengalenga. "Wataondoka tu."

Hawakuondoka. Kupitia mlango wa duka Kitindamimba aliziona chupa za soda, hatua ishirini tu. Alijua kwamba akisinzia hapa huenda asiamke, na alijua kwamba usingizi wenyewe ulikuwa umeshamshika shingoni. Akawapima wale sita na usingizi ule, akaona wale sita wana nafuu. Akapeleka mkono kwenye kioo. Dada alimkamata mkono wa blauzi, lakini kioo kilikuwa kimeshashuka.

"Shikamooni," alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Naombeni sukari. Naumwa."

"Marahaba," walijibu wote sita kwa pamoja, na wote sita wakasimama kwa pamoja. Kitindamimba akafumba macho akijua yamekwisha. Alipoyafumbua, mtu alikuwa amemwekea soda mdomoni, mwingine amemshikilia kisogo, na mwenye spana alikuwa anamwomba dada afungue boneti.

Chupa ya pili ilipokwisha, majina ya visanduku yalikuwa yamerudi kuwa moja moja. Dada alifuta uso. "Mbona mlinyamaza wakati wote ule, mzee wangu?"

"Huku aliyepatwa na shida ndiye anayeanza kusalimu," mzee alisema. "Asiposalimu, tunajua anataka aachwe. Hayo mawe niliweka kwa sababu ya mteremko, breki ya mkono haiaminiki."

"Na mtu akishindwa kusalimu?"

Mzee alifungua kifuniko cha betri, akakipangusa kwa tambara. "Mwaka juzi lori lilisimama hapo mlipo. Dereva alikuwa ndani, kimya. Tukamwacha, kila mtu akaenda kwake. Jioni tukakuta alishakufa zamani. Tangu siku hiyo hatuondoki, tunakaa karibu."

Dada alimtazama Kitindamimba, kisha akamtazama mzee. "Na huyu asingefungua kioo?"

"Tungekaa," alisema mzee, akainamia injini.