Vigae vya Kijani Chini ya Ardhi

Ipo siku moja, mwanangu, nikiikumbuka tu moyo unanienda mbio, na leo umeiamsha wewe kwa kunionyesha mchoro wako wa kituo cha treni cha chini ya ardhi. Usiukunje kwanza. Kaa, mimina kahawa, nikuhadithie.

Nilikuwa mwanafunzi London, kijana wa Kiarabu kutoka mji wa Ibra, asiyewahi kuona hata treni ya juu, sembuse ya chini. Vile vituo vilinitia wazimu. Nje kuta za vigae vyekundu vinavyong'aa, ndani ngazi zinazokwenda zenyewe mpaka kwenye handaki la mviringo, kubwa, lenye taa kama mchana. Nilisoma kila nilichokipata: walivyochimba na kuzishika kuta kwa pete za chuma, na watu walivyolala mle wakati wa vita, mabomu yakianguka juu. Lililonifurahisha zaidi ni kwamba kila kituo cha zamani cha njia niliyoipanda kilikuwa na rangi na nakshi ya vigae vyake, na ilisemekana walifanya vile kwa ajili ya abiria wasiojua kusoma.

Basi akaja ami yangu, kakake baba, kutibiwa masikio. Alikuwa mfanyabiashara Ibra, Kurani aliihifadhi, lakini herufi za Kizungu hakujua hata moja. Baba alinisisitizia kwenye simu nimrejeshe salama. Kila asubuhi tulipanda treni kituo cha mtaani kwetu, chenye vigae vya kijani, nami nikimhadithia historia yake mpaka anachoka.

"Kwetu, njia panda ya Bidbid pana njia mbili tu, moja ya Ibra, moja ya Nizwa," aliniambia akicheka, "na mimi bado hukosea. Hapa mtu anatoka vipi?"

Siku hiyo tulikuwa tunarudi nyumbani kutoka hospitali. Treni ikaja, milango ikafunguka, na sisi, watu wa adabu zetu, tukasimama kualikana.

"Tafadhal, ami, tangulia."

"La wallahi. Wewe ndiye mwenyeji, pita."

"Haiwezekani, ami. Wewe mkubwa."

Nikamsukuma kidogo kwa heshima, akaingia, na milango ikajifunga baina yetu. Nilimwona kwenye kioo, kanzu yake nyeupe na kilemba, akininyooshea mkono. Kisha treni ikaondoka naye.

Mwanangu, ami alikuwa peke yake mle. Masikio mazito, lugha hana, anwani yangu hana. Nikapanda treni iliyofuata nikabana uso kwenye kioo, kila kituo nikitafuta kilemba. Vigae vya bluu, hayupo. Vya njano, hayupo. Nikaanza kufikiri namna ya kumwambia baba.

Tulipofika kwenye vigae vya kijani, nilimwona ameketi benchini, fimbo mapajani, anawatazama Wazungu wanavyokimbia. Nilimkumbatia nikalia mbele za watu, wala sikuona haya. Yeye alikuwa na furaha kama mtoto wa sikukuu.

"Nimezitazama kuta tu," akasema. "Zilipokuja za kwetu, nikashuka."

Nilicheka nikashukuru, nikaanza tena kuwasifu mafundi wa zamani. Akanishika mkono, sauti ikashuka.

"Waliojenga hapa hawakunijua, na walinifikiria. Wewe unanijua. Ulinipa hadithi siku zote hizi, hukunipa hata karatasi yenye namba yako."

Jioni ile nilimwandikia anwani na namba ya simu kwenye karatasi, nikaitia mwenyewe mfukoni mwake.

Sasa tazama mchoro wako. Ni mzuri, wallahi, nimeutazama nimesisimka kama kijana. Dari yako ina matao kama ya ngome ya Nizwa, mwanga unashuka mpaka chini. Lakini majukwaa yako yote ya kungojea treni ni meupe, yanafanana, na njia zote zinaonyeshwa kwa maandishi. Ami yangu angezunguka humo mpaka usiku. Basi kabla hujaupamba, mteremshe humo kwa mawazo mtu mmoja unayempenda, asiyesoma, asiyesikia vizuri, uliyepotezana naye mlangoni, umwone anatokaje. Akitoka, kazi yako ni njema. Na usifanye hivyo kwenye michoro tu. Watu wa nyumbani kwako nao wafikirie kabla milango haijajifunga.

Mungu akufungulie akili, aupe mkono wako wepesi, na kila atakayeshuka kwenye kituo chako amrejeshe kwa wanaomngoja.