Kigari cha Baba Mdogo na Kilio cha Watasema

Betri zilizoanikwa juani zina harufu yake, ya chuma chenye joto na kitu kama chumvi. Wiki iliyopita mwanangu alipanga betri za rimoti dirishani, na harufu ile iliponifikia nilikaa chini bila kupenda. Nawaambia ninyi jambo ambalo nyumbani kwetu sijawahi kulisema.

Tulikaa Viwanja Sitini, Ifakara, miaka ya tisini, nami nilikuwa na miaka tisa. Baba mdogo alikuwa fundi redio asiyetulia. Alijenga kigari kwa kopo la samaki, mota ya redio kaseti na magurudumu ya kandambili. Mbele alikipachika macho mawili ya chuma aliyoyang'oa kwenye king'ora kibovu cha kuzuia wezi. Kikikaribia ukuta, kilisimama, kikageuka chenyewe.

"Kinapiga kelele, mwanangu," alinieleza. "Kelele ikigonga ukuta inarudi, nacho kinajua pa kugeukia."

"Mbona siisikii?"

"Nyembamba mno. Masikio ya mtu hayaipati."

Kazi yangu ilikuwa kuanika betri, maana betri kuukuu ukiianika hufufuka kidogo. Kwa hiyo kigari kilitembea alasiri tu, nyuma ya nyumba. Kuku hawakukijali hata chembe. Paka alihamia darini. Mbwa wetu, ambaye baba alimpa jina la Watasema ili kuwachokoza majirani, alikimbilia mbele ya nyumba, chini ya dirisha la Bibi, akainua pua na kulia kwa sauti ndefu iliyotusimamisha nywele.

Kwetu mbwa akilia hivyo, ameona kifo. Bibi, mama yake baba, alikuwa ameletwa kutoka Mahenge na homa, lakini alikuwa anapona. Alishaanza hata kuchambua mchele. Siku ya tatu ya kilio aliweka ungo chini. Siku ya tano alimwita mama akamgawia vitenge vyake, na dawa akawa anaitema. Baba mdogo, aliyekijenga kigari kwa mikono yake, naye alifanya ishara ya msalaba na kuninong'oneza, "Bibi yako anaitwa."

Kisha mvua ikanyesha siku tatu mfululizo. Betri hazikuanikika, kigari kikalala, na Watasema akanyamaza. Bibi akanywa uji. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa, kwa sababu nilianza kuelewa. Jua liliporudi nilisubiri mbwa asinzie, nikakiwasha kigari mwenyewe. Akaruka, akalia. Nikazima, akanyamaza. Nikawasha tena, nikamsikia Bibi chumbani akisema, "Yesu na Maria."

Basi nilijua. Lakini baba alishaapa kuyatupa makorokoro ya mdogo wake mtoni, na baba mdogo alishaniahidi kwamba Pasaka kigari kitakuwa changu. Nikafunga mdomo.

Jioni ile baba alimfunga Watasema kamba, akaenda naye mtoni, Kivukoni, akarudi na kamba tupu. Aliingia kwa Bibi akiwa na uso wa mtu aliyemaliza kazi.

"Shikamoo, mama. Hatakusumbua tena."

"Marahaba. Mbwa mmemuua," Bibi alijibu, uso wake ukiwa ukutani. "Huyo aliyekuwa anamwona hamjamuua."

Baba alitoka. Nilikuwa nimesimama mlangoni na kikombe, na ukweli wote ulikuwa kwenye ncha ya ulimi. Bibi akanigeukia.

"Unataka kuniambia nini, mjukuu wangu?"

"Uji, Bibi."

Hakuunywa. Tulimzika wiki moja kabla ya Pasaka, na baba mdogo akanipa kigari mapema ili ninyamaze kulia.

Wakubwa walisema homa ilimzidi, na huenda ni kweli, sikuwa daktari. Kwa miaka mingi nilimcheka Bibi kimoyomoyo kwa imani yake, kwa kuwa kumcheka kulikuwa rahisi. Nimechelewa kuona kwamba Bibi alisema alichokiamini, na mbwa alisema alichokisikia, tena kwa nguvu zake zote. Katika nyumba ile nzima, aliyejua akanyamaza nilikuwa mimi, na Bibi aliniuliza.