Meno Manne ya Simbilisi

Mimi ni dalali wa mbuzi hapa Garissa, na umri wa mnyama nausoma mdomoni. Jirani yangu mwalimu alipokwenda likizo, aliniachia simbilisi wake mzee, kijinyama kinene kama panya asiye na mkia. Hakuwa akila vizuri. Kwa udadisi nikamfungua kinywa, nikaona meno manne tu. Maskini, kibogoyo! Nikamwondolea nyasi, nikamlisha uji wiki mbili, mpaka mdomo ukakataa kufunga.

Nilipompeleka kliniki, daktari wa mifugo alicheka. "Mbele huwa manne tu. Yanakua kila siku, na nyasi ndiyo huyapunguza."

Nyuma yangu kwenye foleni, mama niliyemuuzia mbuzi juzi akamvuta mbuzi huyo karibu.

"Walaal, ndugu yangu, hii uliniambia ni kijana. Meno yake uliangalia hivyo hivyo?"