Banda la Generoza na Mkwe Asiyepishana Naye

Generoza alipohamia Bariadi mjini kutoka Sapiwi, baada ya kufiwa na mumewe, hakuja na ng'ombe. Ng'ombe walibaki kwa shemeji zake. Alikuja na matetea watano na jogoo mmoja ndani ya tenga, na kwa kuku hao alijiona bado ni mtu mwenye mji. Sisi tuliosoma naye shule ya misheni tunakumbuka jinsi masista walivyomkabidhi banda lao la kuku, kwa kuwa alitushinda sote kwa utaratibu.

Nyumba aliyoipata haikuwa na ua, ila kijia kirefu kati ya ukuta wa jiko na minyaa ya jirani yake Selestini, chembamba kiasi kwamba wawili wakikutana humo, mmoja hurudi nyuma. Kuku walipenya minyaa wakaparura mchicha wa jirani, mpaka siku moja akaja mlangoni.

"Mama Kabula, nimechoka. Jumapili nikimkuta hata mmoja, nachinja, na mchuzi sikualiki."

Ikabidi lijengwe banda, na fundi aliyepatikana alikuwa Bujiku, mume wa binti yake Kabula. Hapo ndipo taabu ilipoanza, maana kwa Wasukuma wa malezi ya kale mkwe wa kiume na mama mkwe hawakaribiani, hawashikani mikono, sembuse kubanana kijiani. Generoza akitokea jikoni, Bujiku aliondokea barabarani. Maelekezo yalipita kwa simu, ilhali ukuta mmoja tu uliwatenganisha. Na kila ilipoita, Bujiku aliweka nyundo chini, akachuchumaa, akaanza upya salamu ya Kisukuma, akimwita mayu, yaani mama.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka, baba. Leo tumeshasalimiana mara ngapi? Sikiliza. Chumba cha kulala kiwe juu, kuku watembee chini yake, nafasi isipotee. Mlango uwe huku jikoni, ufunguke kwa nje."

"Ndiyo, mayu."

Bujiku alijua vema kwamba mlango huo ungeziba mlango wa jiko. Lakini kumbishia mama mkwe kulimshinda, hivyo akauweka upande wa barabarani bila kumwambia.

Ijumaa Generoza alitoka kuona kazi, akakuta upande wa jikoni mbao tupu, bila mlango. Akapiga simu.

"Nikitaka yai nizunguke barabarani kama mpita njia?"

"Ndiyo, mayu."

"Na mwizi je, apite hapohapo?"

"Ndiyo, mayu."

"Baba, niambie hapana japo mara moja!"

Alipomlalamikia Kabula, binti alicheka. "Hizo 'ndiyo' anakuwekea wewe, mama. Mimi hunibishia kutwa."

Jumamosi Generoza alikwenda kuteka maji. Bujiku, akidhani angechelewa, alipitia jikoni akapiga magoti kubomoa zile mbao ili mlango uhamie huku, kama alivyoagizwa. Mara mama mkwe akarudi. Nyuma ya Bujiku banda limeziba njia, mbele yupo Generoza na ndoo. Fundi alijitupa kwenye minyaa, akaangukia makalio katikati ya mchicha.

Selestini alitoka mbio. "Kuku wote sita hawajanifanyia hivi!"

"Nisamehe, baba," Bujiku alisema, akitazama chini. "Mama mkwe yupo kijiani."

Selestini naye alikuwa na wakwe. Akashusha sauti. "Mama Kabula, ingia ndani kijana apite."

"Siingii! Kesho unachinja kuku wangu, na mlango sina."

"Basi niambie mimi, nimwambie yeye." Alipokwisha kuambiwa, akasimama penye mwanya wa minyaa. "Anataka mlango uwe huku."

"Mwambie utaziba mlango wa jiko," alijibu Bujiku.

Generoza alitua ndoo. Siku zote hizo alikuwa akilitafuta jibu hilo. "Mwambie basi usifunguke kwa nje. Uwe bati linalopanda na kushuka kati ya mbao mbili."

"Mwambie hilo linawezekana," Bujiku alisema.

"Mbona mnasikiana!" Selestini alifoka. "Mimi nafanya nini hapa?"

"Mwambie asiondoke," alisema Bujiku.

Generoza akaingia jikoni, Bujiku akarudi kijiani, na Selestini akabaki katikati hadi alasiri, akipeleka maneno ambayo kila mmoja alikwisha kuyasikia. Jua lilipoinama kuku waliingizwa, bati likashushwa. Selestini alilishika, akalitikisa kwa nguvu kuona kama litaachia. Halikuachia. Ndipo akaenda kuchukua jembe, aone ni mchicha gani uliosalia.